Liposomu zenye chaji chanya: namna ya kuzitengeneza na kuzipima kwa seli

Masika moja nilitoa sahani ya visima 96 kwenye inkubeta nikaikuta nyeupe karibu yote. Katika kipimo cha MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza, seli hai huacha zambarau, kwa hiyo weupe ule ulikuwa na maana moja: seli zimekufa, hata kwenye dozi ndogo kabisa. Wiki mbili nzima niliilaumu DOTAP, ile lipidi (molekuli ya mafuta) yenye chaji chanya. Nikapunguza dozi, nikabadilisha seli, nikaagiza lipidi nyengine. Mwisho mzee mmoja wa maabara alifungua chupa yangu, akaipitisha mbali na pua, akasema, "Mwanangu, hii bado inanukia klorofomu." Mvua ilikuwa inanyesha siku zile, umeme unakatika kila saa, pampu ya vakyumu haijafanya kazi hata saa moja kamili. Lipidi haikuwa na kosa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu vijana wengi wanaokuja kujifunza huku Unguja wanafundishwa mambo haya kama kazi mbili: leo tunatengeneza, wiki ijayo tunapima sumu. Mimi naona ni kazi moja. Kabla hujasema lipidi fulani inaua seli, uwe umeshaondoa kila kitu chengine kinachoweza kuziua, na karibu vyote hivyo vinaingia wakati wa kutengeneza.

Kwanza tuelewane kuhusu chaji. Liposomu ni kifuko kidogo cha lipidi chenye maji ndani, na utando wake umepangwa safu mbili kama utando wa seli. Alec Bangham na wenzake walivieleza vifuko hivi Uingereza katika miaka ya 1960. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake wakaonyesha kwamba ukitumia lipidi yenye chaji chanya, wao walitumia DOTMA, kifuko kinashikana chenyewe na DNA, ambayo ina chaji hasi, kisha kinaiingiza ndani ya seli. Uso wa seli nao una chaji hasi, na ndiyo maana kifuko kinaukimbilia. Lakini mvuto huo huo ndio unaoumiza: lipidi chanya ikizidi, inavuruga utando, inachochea viini vikali vya oksijeni ndani ya seli, na seli inaanza kujiua yenyewe. Watengenezaji wa dawa walilijua hilo mapema. Onpattro, dawa inayobebwa na vifuko vya lipidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, na chanjo za Covid za mRNA, zinatumia lipidi ambazo katika damu karibu hazina chaji, zinaipata zikishafika kwenye asidi ya ndani ya seli. Kwa hiyo ninachokuelekeza hapa ni cha maabara, cha kujifunzia na cha utafiti wa awali. Si dawa ya kumdunga mtu.

Vitu na hesabu yake

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa anayeanza ni DOTAP na DOPE, nusu kwa nusu kwa idadi ya molekuli. DOTAP ndiyo yenye chaji. DOPE haina chaji ya jumla, lakini umbo lake linausaidia utando kupasuka ukiwa ndani ya endosomu, yaani kile kifuko ambacho seli humezea vitu, na mzigo unatoka.

Tuseme unataka mililita 5 zenye lipidi milimoli 2 kwa lita. Hiyo ni mikromoli 10 kwa jumla, 5 za kila lipidi. DOTAP ya chumvi ya kloridi ina uzito wa molekuli 698.5, kwa hiyo unahitaji miligramu 3.49. DOPE ni 744, unahitaji miligramu 3.72. Ukiwa na lipidi zilizokwisha kuyeyushwa katika klorofomu kwa miligramu 10 kwa mililita, chukua mikrolita 349 za DOTAP na 372 za DOPE. Iandike hesabu hii kwenye daftari kabla hujafungua chupa yoyote.

Nakushauri ununue lipidi zilizoyeyushwa, usinunue unga. DOTAP ya unga inafyonza unyevu, na hewa yetu ya Machi mpaka Mei ni maji matupu. Unapima miligramu kumi kumbe sehemu yake ni mvuke wa bahari. Kama huna budi ila unga, itoe chupa kwenye friza na uiache imefungwa mezani kwa nusu saa au zaidi mpaka ilingane na joto la chumba. Ukiifungua ya baridi, umande utatua juu ya unga mbele ya macho yako.

Klorofomu inashikwa kwa sindano ya kioo au pipeti ya kioo tu, na chini ya kabati la kuvuta hewa. Plastiki ya polistireni inayeyuka ndani yake, na plastiki iliyoyeyuka itaingia kwenye liposomu zako bila kuonekana. Glavu za nitrili haziizuii kwa muda mrefu; ikikumwagikia mkononi, vua mara moja uvae nyengine.

Kukausha

Weka lipidi zote mbili katika chupa ya kioo ya mililita 50 yenye kitako cha duara. Ongeza klorofomu kama mililita 2 ili mchanganyiko utandae vizuri. Funga chupa kwenye mashine ya kuvukizia inayoizungusha, beseni la maji likiwa nyuzi 40, kisha punguza hewa kidogo kidogo. Ukivuta vakyumu kwa ghafla klorofomu itachemka kwa kishindo na kurusha lipidi shingoni mwa chupa, ambako maji hayatafika baadaye. Baada ya nusu saa utaona utando mwembamba umeganda ukutani, mweupe mweupe, sawasawa pande zote. Ukiwa na mabaka mazito upande mmoja, ongeza klorofomu kidogo uanze tena. Dakika kumi za kurudia zinakuokoa na siku nzima ya vifuko vya ukubwa wa kila namna.

Sasa sehemu ambayo watu wanaifanya harakaharaka. Utando unaoonekana mkavu bado una klorofomu ndani yake. Ihamishie chupa kwenye pampu ya vakyumu yenye nguvu na uiache kwa saa 2 angalau. Mimi naiacha usiku kucha. Kipimo cha ukali wa jambo hili ni kwamba mwongozo wa kimataifa wa mabaki ya viyeyusho katika dawa unaruhusu klorofomu isiyozidi sehemu 60 kwa milioni.

Hapa kwetu usiku kucha maana yake ni kupanga habari ya umeme. Umeme wa Unguja unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Bara, na waliokuwepo wanaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa kama miezi mitatu bila huo umeme. Siku hizi ni katikakatika za saa moja mbili, lakini hata dakika tano zinatosha kuharibu: pampu ikizimika, hewa yenye unyevu inarudi ndani ya chupa, na pampu ya mafuta inaweza kurudisha hata mafuta. Weka koki kati ya pampu na chupa, na mtego wa kunasa mafuta. Kama maabara yako haina jenereta, kausha mchana ukiwepo, ufunge koki mara tu taa zikizimika. Umeme ukirudi, anza kuhesabu saa zako upya.

Ukimaliza, jaza chupa gesi ya naitrojeni kabla ya kuifungua. Mikia ya lipidi hizi ina viungo maradufu vya kaboni vinavyoliwa na oksijeni, na mafuta yaliyochacha ni sumu nyengine kwa seli usiyoitaka.

Kwenye mashine hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kausha na chupa ya pili yenye klorofomu bila lipidi. Ipitishe kila hatua kama ndugu yake. Naiita chupa tupu. Laiti ningekuwa nayo masika yale, ningejua kwa siku moja tu.

Kutia maji na kupitisha kwenye matundu

Maji ya kutilia si maji matupu wala si bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya fosfeti. Tumia glukosi ya asilimia 5 yenye HEPES, bafa isiyo na fosfeti, milimoli 10 kwa lita, pH 7.4, iliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22. Glukosi ya kiasi hicho inakaribiana na mkolezo wa ndani ya seli, kwa hiyo seli haitavimba wala kunywea. Na haina chumvi nyingi, jambo muhimu, maana chumvi hufunika chaji na kuviruhusu vifuko kushikana. Aliyewahi kulichemsha tui bila kulikoroga anajua linavyokatika: mafuta huku, maji kule. Liposomu chanya zikikutana na chumvi nyingi zinafanya hivyo hivyo, ila polepole zaidi, na unaweza usione mpaka kesho yake.

Tia mililita 5 ndani ya chupa na uizungushe kwa mkono kwa dakika 30 mpaka saa moja. DOTAP na DOPE ni laini hata kwenye baridi, kwa hiyo joto la chumba chetu linatosha. Wanaotumia lipidi ngumu kama DSPC ndio wanaohitaji maji ya nyuzi 60. Utaona utando unabanduka kama ngozi juu ya maziwa, kisha maji yanakuwa meupe. Ukiishika chupa kwenye mwanga na ukutani pakawa safi, umemaliza. Iache ipumzike saa 2 kwenye friji, isigande.

Vifuko ulivyonavyo sasa ni vikubwa, vingine vimo ndani ya vingine kama maganda ya kitunguu. Vipitishe kwenye ekstruda, ile mashine ya sindano mbili za kioo zinazosukumana kupitia karatasi ya polikaboneti. Anza na matundu ya nanomita 400, halafu 200, umalize na 100. Kwa kila karatasi pitisha mara 11. Hesabu iwe witiri, ili kilicho mwisho kitoke kwenye sindano ya upande wa pili, si ile iliyobeba uchafu wa mwanzo. Mkono utahisi ugumu mara mbili tatu za kwanza, kisha utalainika. Ukilainika ghafla mno karatasi imepasuka: fungua, badilisha, rudia.

Tazama rangi. Yaliyoingia meupe kama tui jepesi yanatoka karibu angavu, na ukiyaelekeza dirishani yana ubuluu kwa mbali. Ubuluu huo ni mwanga unaotawanywa na vifuko vidogo, na mimi naufurahia kila mara kama niliyeuona siku ya kwanza.

Kujua ulichopata

Ukipata mashine ya kupima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga, tarajia nanomita 100 mpaka 150, na kipimo cha utofauti wa ukubwa kisichozidi 0.2. Potenshali ya zeta, yaani nguvu ya chaji kwenye uso wa kifuko, ipime ndani ya bafa ile ile yenye chumvi chache. Kwa mchanganyiko huu inakuwa zaidi ya milivolti +40 kwa kawaida. Ukiipima ndani ya midia (maji ya kuoteshea seli) au bafa ya chumvi itashuka sana, na hiyo haina maana kwamba DOTAP imepotea. Kwa hiyo namba ya zeta isiyotaja bafa haimfai mtu.

Kama mashine hiyo iko ng'ambo, safirisha sampuli kwa barafu ya friji bila kuigandisha, na hapo nyumbani tumia spektrofotomita ya kawaida, mashine ya kupima mwanga unaopita kwenye sampuli: pima mtawanyiko kwa nanomita 400 kila siku. Ukipanda, vifuko vinashikana.

Kiasi cha lipidi nacho hupungua. Liposomu chanya hung'ang'ania kioo na karatasi ya ekstruda, tena kichujio cha mikromita 0.22 kinakula nyengine. Wengi hupima lipidi kwa kipimo cha fosfeti, na hapo pana mtego: DOTAP haina fosfeti hata chembe. Unachokipata ni DOPE peke yake, ambayo ni nusu ya lipidi zako, kwa hiyo zidisha mara mbili. Na hapa ndipo utakaposhukuru kwamba hukutumia bafa ya fosfeti.

Kuzikutanisha na seli

Tumia seli zinazoshika chini kama HeLa au HEK293, seli za binadamu zinazooteshwa maabara. Panda seli 10,000 kwa kila kisima ndani ya mikrolita 100 za midia, uziache saa 24. Visima vya pembezoni vijaze maji safi tu bila seli, maana hukauka haraka na kukupa namba za uongo.

Dozi zangu ni mikromoli 5, 10, 25, 50, 100 na 200 za lipidi yote kwa lita. Dozi ya juu kabisa ni kupunguza mara kumi chupa yako ya milimoli 2, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya kisima hicho ni glukosi na HEPES. Ndiyo sababu unahitaji visima vya kulinganishia vyenye bafa hiyo peke yake kwa kiasi hicho hicho. Weka pia visima visivyoguswa, visima vya chupa tupu, visima vya Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 0.1 ambamo seli zote zinatakiwa zife, na visima vyenye liposomu na MTT bila seli. Kila dozi visima 6, na kazi yote irudiwe siku 3 tofauti kwa liposomu za kundi jipya. Visima 6 vya siku moja ni jaribio moja, si sita.

Seramu, yaani maji ya damu yanayotiwa kwenye midia kulisha seli, inabadilisha kila kitu. Protini zake zina chaji hasi, zinavivaa vifuko na kuvituliza. Dozi inayoua bila seramu inaweza isifanye kitu penye seramu ya asilimia 10. Fanya zote mbili. Muda nao ni hivyo hivyo: saa 4 kisha midia mpya mpaka zitimie 24, na kando yake saa 24 mfululizo. Ukitangaza dozi salama bila kutaja seramu, muda na idadi ya seli, hujatangaza kitu, kwa sababu lipidi ile ile ikigawanywa kwa seli nusu inaipa kila seli maradufu.

Baada ya saa 24, tia mikrolita 10 za MTT ya miligramu 5 kwa mililita, subiri saa 3 mpaka 4, mwaga midia taratibu, tia mikrolita 100 za DMSO ili kuyeyusha zambarau, soma kwa nanomita 570. Mfano wa hesabu: kisima kisicho na seli kinasoma 0.07, visivyoguswa 0.82, na dozi yako 0.55. Toa 0.07 kila upande: 0.48 kwa 0.75, yaani asilimia 64. Kiwango cha ISO 10993-5, kilichowekwa kwa ajili ya vifaa tiba, kinaitilia shaka ya sumu bidhaa yoyote inayoziacha chini ya asilimia 70, na ndicho kipimo ambacho maabara nyingi zimekiazima. Kwa mfano wetu dozi hiyo imeshindwa.

Lakini usikubali MTT peke yake kwenye kazi hii. Liposomu zinaweza kuzisaidia seli kuisukuma ile rangi ya zambarau nje, ikatoka na midia unayoimwaga, na seli hai zikasomeka zimekufa. Tazama kwa hadubini kabla ya kumwaga: ukiona fuwele kama sindano zimeota juu ya seli, shuku. Thibitisha kwa njia isiyotegemea rangi hiyo, kama kuhesabu kwa tripani buluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, au kupima LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli, inayovuja kwenye midia utando ukitoboka. Njia mbili zikikubaliana, lala usingizi.

Baadaye utataka kubeba DNA. Mikrogramu 1 ya DNA ina nanomoli 3 hivi za chaji hasi. Ukitaka chaji chanya tatu kwa hasi moja unahitaji nanomoli 9 za DOTAP, na kwa kuwa chupa yako ina milimoli 1 ya DOTAP kwa lita, hiyo ni mikrolita 9. Upime usalama upya. Mchanganyiko wenye DNA ni kitu kipya, ukubwa wake ni mwengine na chaji yake ni nyengine.

Wenye nia ya kufika kwenye damu waongeze kipimo cha chembe nyekundu: chembe zilizooshwa, asilimia 2, saa moja kwa nyuzi 37, kisha usome rangi iliyovuja kwa nanomita 540. Zikipasuka zaidi ya asilimia 5, rudi nyuma. Damu hiyo isitoke kwa rafiki wa maabara kwa kuombana tu. Omba kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, hata kama ni mililita mbili.

Namba zikikataa na chupa tupu ikawa safi, basi kweli ni lipidi, na una pa kwenda. Punguza DOTAP iwe thuluthi moja, thuluthi mbili ziwe lipidi isiyo na chaji. Badilisha DOPE kwa kolesteroli kama hutafuti kupasua endosomu. Utando unakuwa imara zaidi penye seramu. Au punguza muda. Mimi naanza na muda, kwa sababu hauhitaji kutengeneza chochote upya.

Mabaki na kuhifadhi

Klorofomu iliyotumika inaingia kwenye chupa ya kioo yenye lebo, pamoja na viyeyusho vyengine vyenye klorini, na haichanganywi kamwe na asetoni: pakiwa na alkali, mchanganyiko huo hupata moto mkali. Isimwagwe kwenye sinki. Maji ya kunywa ya Unguja mengi yanatoka chini ya mawe ya matumbawe yenye matundu kama sifongo, na ukimwaga hapa leo, kesho jirani anachota.

Liposomu zenyewe ziweke kwenye friji, nyuzi 4, zikiwa zimejazwa naitrojeni. Zisigandishwe, barafu inazipasua. Kwenye lebo andika tarehe ya kukausha, saa za vakyumu, bafa, ukubwa siku ya kwanza, na kama umeme ulikatika. Mimi nazipima ukubwa tena kila wiki, na nikiona zimekua kwa asilimia 20 nazitupa, hata kama nusu ya chupa bado imebaki.